Shule zikifungwa tena, mtoto abaki na mzazi mjini au apelekwe kwa bibi kijijini?

Mleta mada, Nkuhungu

Wakuu, salaam. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo ili anayepinga ajue anapinga nini. Ikitokea shule zimefungwa tena kwa sababu ya ugonjwa, kumpakia mtoto kwenye basi kwenda kwa bibi yake kijijini kuwe jambo la mwisho kabisa, na atakayelazimika kufanya hivyo ampeleke na matunzo yake.

Kuna watakaouliza kwa nini tunafukua mambo ya 2020. Ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi, ulitangazwa Kagera Machi 2023, ukarudi tena huko huko Januari 2025, na Rais alilitangaza lile la pili akiwa hapa hapa Dodoma. Mara zote mbili hatukufika mahali pa kufunga shule nchi nzima, tunashukuru Mungu. Lakini siku itafika, na sioni kama kuna familia iliyokaa chini ikapanga.

Tukumbushane kidogo. Machi 16, 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, aliyeingia kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akafunga shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30, na siku iliyofuata vyuo. Aprili zile siku 30 zikaongezwa bila ukomo. Vyuo na kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine wote Juni 29.

Sasa kuna jambo ambalo kila tukizungumzia kipindi kile huwa tunalipita. Wenzetu Rwanda walipofunga, walifunga na wazazi ndani. Kwetu Soko la Majengo lilikuwa wazi, ofisi zilikuwa wazi, makanisa na misikiti wazi, Bunge liliketi. Aliyeambiwa akae nyumbani ni mtoto peke yake. Sisemi uamuzi wa kuacha watu wafanye kazi ulikuwa mbaya, maana kwa mtu anayekula alichouza leo usingewezekana mwingine. Ila lilibaki swali moja bila jibu: mama yuko sokoni, baba yuko kibaruani, saa nne asubuhi mtoto yuko na nani?

Jibu tulilolipata wengi ni bibi.

Kwetu ni upande wa Mvumi. Mwaka ule watoto wa ndugu zangu walijaa kwa mama, wengine wametoka Dar, wengine Morogoro. Aprili huku Ugogo uwele umeshatoa masuke na ndege wanakuja kwa makundi, kwa hiyo alfajiri watoto wanapanda ulingoni kuamia ndege mpaka jua linazama. Kazi hiyo hata sisi tumeifanya, ila sisi tuliifanya Jumamosi na likizo. Kuna mmoja wa darasa la tatu alikwenda na daftari lake la hisabati. Ukurasa wa mwisho wenye kazi ya mwalimu uliandikwa 17/3/2020, na umesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kurasa zilizofuata kaka yake alikuwa anamwandikia bibi madeni ya mtama: fulani pishi mbili, fulani debe. Hakuna hesabu nyingine humo mpaka mwisho.

Na hilo la masomo ni dogo. Wizara yenyewe ilikuwa inatuambia kila siku kwamba walio hatarini zaidi ni wazee na wenye presha na kisukari. Sisi tukawachukua watoto kutoka mjini, tukawabana kwenye basi lililojaa, tukawapeleka kwa mtu mwenye umri wa miaka sabini na presha yake, kwenye nyumba ambayo ndoo ya maji inachotwa kwenye shimo la mchanga korongoni. Maji tiririka na sabuni atavipata wapi huyo mama? Nyungu alijifukiza, mwarobaini alichemsha, na wajukuu akawalaza kwenye mkeka mmoja na yeye. Wa kwetu alipona na tunamshukuru Mungu. Nyumba nyingine hazikuwa na bahati hiyo.

Nawakaribisha kwa hoja.

Mama wa chumba kimoja, Chang'ombe

Mkuu, umesema vizuri lakini umeongea kama mtu mwenye nyumba yenye geti. Mimi nilikuwa, na bado niko, kwenye chumba kimoja cha kupanga. Uani tuko wapangaji wengi, choo kimoja, bomba moja. Nauza maandazi na chai, natoka saa kumi alfajiri. Binti yangu alikuwa darasa la sita. Vijana wa kiume wa hapo uani nao walikuwa hawana kazi kipindi kile, wanashinda pale pale mlangoni wakicheza karata.

Unaniambia mtoto abaki na mzazi wake. Mzazi mwenyewe ndiyo huyo yuko barabarani na jiko lake. Ningemfungia ndani na kufuli? Wapo waliofanya hivyo, na moto ukitokea humo ndani hutaki kufikiria.

Nilimpeleka Kongwa kwa mama yangu na sijuti. Kila Jumapili nilituma hela ya unga na sabuni kwa simu, na nilikuwa naongea na mtoto mwenyewe, siyo na bibi tu. Kulinda mahindi kulimchosha ndiyo, lakini alirudi salama kama nilivyompeleka. Kwa mtoto wa kike wa umri ule, mkuu, hilo la kurudi salama ndilo la kwanza. Mengine yanafuata.

Na samahani, nimeona umetaja mama yuko sokoni na baba kibaruani. Kwenye uani wetu akina baba wa hao watoto wengi hawakuwa kibaruani wala nyumbani. Hilo nalo liwe sehemu ya mjadala.

Mwalimu wa msingi, Bahi

Naunga mkono upande mmoja wa kila mmoja wenu.

Kuhusu masomo: Taasisi ya Elimu iliandaa vipindi vya redio na televisheni, na kwa aliyekuwa na televisheni vilisaidia. Kijijini kwetu redio zilikuwepo, lakini betri zinanunuliwa kwa ajili ya taarifa ya habari na mechi, na mechi zenyewe zilikuwa zimesimamishwa, kwa hiyo redio ikawekwa darini. Hakuna mtoto niliyemwona amekaa na daftari mbele ya redio. Tuliporudi Juni 29 tuliongeza vipindi tukawahi mtihani wa darasa la saba wa Oktoba, na hao wa darasa la saba tuliwabeba kweli kweli. Waliopotea ni wa madarasa ya chini, wale waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kusoma. Mtoto wa darasa la pili aliyekuwa anaunganisha silabi Machi, Julai nilianza naye kwenye irabu.

Lakini lililoniuma zaidi ni viti vilivyobaki wazi. Wavulana walikuwa wameshapata kazi ya kuchunga ng'ombe za watu na wanalipwa, kuwarudisha ilikuwa vita. Wasichana, wengine walikuwa wajawazito. Mnakumbuka utaratibu wa wakati ule: ukipata mimba, shule ndiyo basi. Wizara ya Elimu iliruhusu warudi Novemba 24, 2021, Waziri akiwa Profesa Ndalichako. Kati ya Juni 2020 na Novemba 2021 hesabuni wenyewe. Binti aliyeharibikiwa kwenye ile miezi mitatu na nusu aliambiwa na sheria kwamba kosa ni lake, wakati hakuna mtu mzima aliyekuwa anajua yuko wapi saa nane mchana.

Kwa niliyoyaona, mjini au kijijini siyo kipimo. Niliowaona wamepotea wote walikuwa na kitu kimoja: hakuna mtu mzima aliyekuwa anawauliza umeshinda wapi leo.

Bibi, Mpwapwa (ananiandikia mjukuu wangu)

Mbukwenyi, ndiyo salamu yetu Wagogo.

Nimesomewa yote. Naomba msituzungumzie kama ghala la kuhifadhia watoto. Mjukuu akija kwangu amekuja kwao, na kumkataa ni mwiko. Wale walionijia mwaka ule walijifunza Cigogo ambacho wazazi wao wameshindwa kuwafundisha, walijifunza kukamua, na mmoja aliyekuwa hali mlenda alirudi Dar anaulilia.

Ila na mimi niseme langu. Nilipigiwa simu basi likiwa limeshafika Gairo. "Mama, watoto wanakuja." Hawakuniuliza kama kuna chakula. Ghala langu nilikuwa nimelipima la kwangu na la babu yao mpaka mavuno, na Machi ndiyo mwezi wa njaa huku kwetu, mahindi ya zamani yameisha na mapya bado. Mwanangu wa kwanza alituma hela mwezi mmoja, wa pili hakutuma kabisa, na ukimpigia anasema biashara mbaya, korona. Nilijua ni kweli biashara mbaya. Lakini njaa ya watoto wake haikunisubiri.

Mtoto akiumwa usiku mimi ndiye ninayemtafutia pikipiki. Nikikataa kumchanja au nikimpa dawa ya miti, mnanilaumu. Nikimchapa mnanilaumu. Basi mtu akileta mtoto aseme pia ananipa mamlaka gani juu yake.

Mama wa wawili, Ilazo

Hapa wote mmemsahau dada wa kazi.

Sisi tulio na kazi za ofisini tulijisifu kwamba watoto hatukuwapeleka popote, tumebaki nao. Tulibaki nao usiku. Mchana kutwa walikuwa na binti wa miaka kumi na sita kutoka Kondoa au Singida, ambaye naye ana mama yake anayemuwaza. Kabla ya Machi 17 alikuwa anapata kupumua saa nne mpaka saa nane watoto wakiwa shule. Baada ya hapo ni kupika mara tatu, kufua, kuamua ugomvi, na kusimamia masomo ya televisheni ya darasa ambalo yeye mwenyewe hakulifikia. Mshahara ulibaki ule ule, na nyumba nyingi zilimkatalia likizo kwa kuogopa atarudi na ugonjwa. Kwa nini tunamwonea huruma mtoto aliyekuwa ulingoni Mvumi, halafu huyu aliyekuwa jikoni kwetu tunamhesabu kama sehemu ya suluhisho?

Mtumishi, baba wa watatu

Kwa upande wa akina baba nitasema kifupi. Mke wangu alikuwa anaomba ruhusa kazini, mimi sikuombwa na mtu yeyote niombe. Ofisi nyingi zingeweza kupanga zamu, baba asubuhi mama mchana, na kazi isilale. Likija tena, mwajiri aanzie hapo badala ya kutuachia kila mtu na shangazi yake.

Mleta mada, Nkuhungu

Nimewasoma wote, asanteni. Bibi wa Mpwapwa, shikamoo, na umeniongezea jambo ambalo sikuliweka: kuulizwa kabla.

Mama wa Chang'ombe, kwa hali uliyoieleza nisingekuzuia, na hela ya kila Jumapili ndiyo matunzo niliyoyasema. Tofauti yetu imebaki ndogo. Bado nashikilia kwamba kijiji kisiwe jibu la kwanza, kwa sababu ya afya ya wazee kuliko kitu kingine chochote. Kabla ya kufika huko kuna kitu mtaa unaweza kufanya: nyumba tano au sita za jirani zinazoaminiana, kila siku mzazi mmoja anabaki na watoto wote, wengine wanatoka kutafuta, na anayebaki anachangiwa hela ya siku. Likaongelewe kwenye mkutano wa mtaa sasa hivi wakati hakuna ugonjwa, mjumbe ajue ni nyumba zipi. Wawe watoto wachache, wale wale kila siku. Mwalimu, na nyie kabla ya kufunga geti mnaweza kumpa kila mtoto kitabu aende nacho nyumbani badala ya kuvifungia kabatini?

Mwalimu wa msingi, Bahi

Kitabu kimoja kwa watoto watatu ndiyo hali halisi, lakini nakubali, heri kikae na mtoto mmoja wa zile nyumba tano kuliko kabatini. Hilo nitalipeleka kwenye kikao cha kamati ya shule.

Mama wa chumba kimoja, Chang'ombe

La zamu nimelipenda, na hela ya siku nikichangiwa nabaki hata mimi. Tatizo ni mahali. Mwenye nyumba wetu hataki watoto wa nje uani, na vyumba vyetu mnavijua. Watoto kumi wanakaa wapi kutwa? Mwenye jibu la hilo aliweke hapa, nitalipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa.