Mama anaruka baadhi ya dawa zake: nimsaidieje bila kumsimamia kama mtoto?

Binti wa Umoja
Hamjambo nyote. Ninaishi Umoja, Nairobi, pamoja na mama yangu mwenye umri wa miaka 74, ambaye ana presha na kisukari. Kila siku anatakiwa kumeza amlodipini na hidroklorothiazidi za presha asubuhi, metformini ya kisukari ya miligramu 500 asubuhi na jioni, na atorvastatini ya kolesteroli kabla ya kulala. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa moja jioni, kwa hiyo dawa za asubuhi hupewa na dada anayetusaidia kazi za nyumbani, ambaye alianza kazi kwetu tarehe 10 mwezi huu.

Jumamosi usiku, tarehe 21, nilimwaga vidonge mezani nikavihesabu. Bahasha ya hidroklorothiazidi ilianza mwezi ikiwa na vidonge 30, hivyo vilipaswa kubaki 9, lakini nilikuta 16. Metformini ilianza na vidonge 60 na vilipaswa kubaki 18, lakini vilikuwa 6 tu. Mama anasema amemeza kila alichopewa, wala simdhanii uongo. Nimemwekea kengele kwenye simu, naye huizima na kuendelea na shughuli zake. Je, ninunue kile kisanduku chenye vyumba vya siku saba, au kuna njia bora zaidi?

Mfamasia wa mtaani
Dada, pole kwa mzigo huo, na hongera kwa kuhesabu, kwa maana hesabu yako inasema mengi. Metformini imezidi kutumika kwa vidonge 12, na tangu tarehe 10 hadi 21 ni siku 12. Tazama bahasha yenyewe. Bila shaka imeandikwa "1×2", alama ambayo sisi wa maduka ya dawa tunaiandika kwa haraka tukidhani kila mtu anaielewa kuwa ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, ilhali mtu ambaye hakuelezwa anaweza kuisoma kuwa ni vidonge viwili kwa mara moja. Nadhani dada wa kazi humpa viwili asubuhi, kisha wewe unampa kimoja jioni. Miligramu 1500 kwa siku ni kipimo ambacho wagonjwa wengi huandikiwa, kwa hiyo usiingiwe na hofu, lakini mweleze daktari, kwa kuwa kipimo cha metformini hutegemea hali ya figo. Andika upya juu ya kila bahasha, kwa herufi kubwa: KIDONGE KIMOJA BAADA YA CHAI YA ASUBUHI, KIDONGE KIMOJA BAADA YA CHAKULA CHA JIONI. Metformini huchafua tumbo ikimezwa bila chakula.

Hidroklorothiazidi ni jambo tofauti kabisa. Hiyo ni dawa ya kutoa maji mwilini, na kwa saa kadhaa baada ya kuimeza mtu huenda haja ndogo mara kwa mara. Mzee anayeruka dawa hiyo peke yake huku akimeza nyingine zote hajasahau. Ana sababu yake. Kabla ya kununua kisanduku, muulize kwa upole siku hizo alikuwa akienda wapi. Tafadhali pia asije akameza viwili ili kufidia cha jana. Na kama magoti humsumbua, chunguza anachonunua dukani, kwa sababu dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na huweza kuumiza figo, hasa zikichanganywa na dawa ya kutoa maji.

Mjukuu wa Buruburu
Ninaongeza niliyoyapitia na babu yangu. Nilimwekea kengele ya 8:00, nikashangaa kwa nini dawa ya asubuhi anaimeza alasiri. Alikuwa akiizima kengele na kusubiri, kwa kuwa tarakimu ile aliisoma kama saa nane. Tuliachana na simu, tukafungamanisha dawa na mambo ambayo hayamponyoki: za asubuhi na chai, za jioni na taarifa ya habari ya saa moja. Kalenda ilitundikwa kando ya redio, penseli ikafungwa kwa uzi, naye mwenyewe ndiye aliyeweka alama. Hatukumruhusu mtu mwingine kumwekea, kwa sababu ile alama ilikuwa heshima yake.

Kagueni pia mahali anapoweka dawa za zamani. Katika mkebe wa biskuti wa babu nilikuta amlodipini za viwanda viwili, nyeupe na za manjano, naye alikuwa akimeza zote mbili akiamini kuwa ni dawa tofauti. Zahanati ilikuwa imebadilisha aina bila kumweleza.

Mama Kayole
Mwanangu, uliza mzee wa mtaa akuelekeze kwa mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa wahudumu hao, wapatao 100,000 nchini kote, mikoba yenye vifaa, kikiwemo kipimo cha presha, nao hutembelea nyumba kwa nyumba. Mtu mzima huweza kumweleza mgeni jambo ambalo humwonea mwanawe haya.

Binti wa Umoja
Nawashukuru kwa moyo wote. Dada amethibitisha kuwa alikuwa akitoa vidonge viwili, akalia kwa hofu kuwa amemdhuru mama, nami nimemwambia kosa lilikuwa langu kwa kutomsomea bahasha siku ya kwanza.

Kuhusu dawa ya kutoa maji, nilisubiri hadi tulipokuwa tunachambua mchicha pamoja, ndipo nikamuuliza. Alinitajia siku zote saba bila kusita: Jumapili tatu za kanisa, Jumatano tatu za chama, na siku tuliyokwenda mjini kwa matatu. Choo cha kanisani kiko chini ya ngazi ndefu, na magoti yake hayawezi kuzishuka mara tatu katika ibada moja. Alikuwa ameona aibu kunieleza.

Kliniki ni Alhamisi. Nimeandika swali la metformini, na la pili kama hidroklorothiazidi inaweza kumezwa akirudi nyumbani siku hizo anazotoka. Mama amechukua kalamu akaongeza la tatu mwenyewe: kama ipo dawa nyingine ya presha isiyomtoa katikati ya mahubiri.