Tupeane uzoefu: Mlionunua nyumba chakavu, hela ya ukarabati mlitoa wapi?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Nimeonyeshwa nyumba ya urithi Magomeni: vyumba sita, bati limeoza, kuta zina nyufa, choo cha nje. Wanauza karibu na bei ya kiwanja kitupu. Akiba yangu inatosha kununua tu. Benki wamenijibu kwamba watakopesha kwa thamani ya nyumba ilivyo leo, si itakavyokuwa ikishatengenezwa. Mliopita njia hii mlifanyaje?

Mwalimu wa Tanga
Mkuu, nilinunua Ngamiani mwaka 2017 kwa mkopo wa mshahara. Makato yalinibakizia theluthi moja ya mshahara kwa miaka mitano, lakini kilichoniumiza zaidi ni paa. Hela ilipoingia nilianza na vigae na rangi, nina hamu ya kuhamia. Fundi aliniambia kenchi, zile mbao zinazobeba bati, zina mchwa, nikamjibu tutaziona baadaye. Masika ya kwanza maji yakashuka sebuleni, dari yote ikadondoka, vigae vikajaa tope. Ikabidi nipaue upya kwa mkopo wa SACCOS huku ule wa kwanza bado unakatwa. Watoto walihamia kwa bibi yao miezi minne. Kabla hamjaafikiana bei, panda darini na seremala, achome mbao kwa bisibisi. Ikizama, gharama ya mbao na bati itoe kwenye bei ya nyumba, hapo hapo mbele ya muuzaji.

Mama Kikoba
Benki sikwenda. Hela ya kikundi ilinitengenezea vyumba viwili vya mbele, umeme na choo, nikapangisha. Wapangaji walilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikapigia lipu vyumba vya nyuma na kuweka madirisha. Imenichukua miaka mitatu, na mwaka mzima nimelala chumba kisicho na dari, lakini sidaiwi.

Mjukuu wa Malindi, Unguja
Sie nyumba ya babu ipo Mji Mkongwe, ya mawe na chokaa, boriti za mikoko. Mkopo wa riba hatukuutaka, tukachangishana ndugu, wa Muscat wakatuma zaidi. Fundi wa kwanza akapiga lipu ya saruji. Mwaka haukwisha ukuta ukaanza kumenyeka, maana saruji huufungia unyevu ndani ya mawe. Tukabandua yote, tukarudi kwenye chokaa. Mchango wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Mkichangishana, andikeni mapema nani ana haki gani. Chumba cha juu bado tunasemezana.

Niliyenusurika
Mleta mada, umesema ya urithi. Nani anauza? Mimi nilimlipa kianzio kaka mkubwa, wadogo zake wakaja na pingamizi. Dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, fanya upekuzi ofisi ya ardhi, uone nyumba imeandikwa jina la nani. Na utenge ushuru wa stempu, takribani asilimia 1 ya bei, mbali na hela ya mwanasheria.

Mleta mada
Asanteni sana. Anayeniuzia ni mtoto wa pili, na barua ya usimamizi sijaiona. Jumamosi naenda na seremala; kianzio sitoi mpaka nikae na ndugu wote wanne. Mama Kikoba, vile vyumba viwili vya mbele vilikugharimu kiasi gani?