Kuvunja Ukimya: kosa ni walichokisema, au ni mahali walipokisemea?

Mwalimu wa Wete

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nasomesha historia na uraia katika skuli ya sekondari huku Wete, na wanafunzi wangu wa kidato cha sita wamejichagulia wenyewe mada ya mdahalo wa muhula huu. Wanataka kujadili kikundi cha Kiisraeli kiitwacho Kuvunja Ukimya, kilichoanzishwa mwaka 2004 na vijana waliokuwa wamemaliza utumishi wa jeshi katika mji wa Hebron, ambao Waarabu wanauita Al-Khalil. Kazi ya kikundi hicho ni kukusanya ushahidi wa askari juu ya yale waliyoyafanya na kuyaona katika maeneo ya Wapalestina, kisha kuueneza ndani na nje ya Israeli.

Wanasiasa wa kwao wanawalaumu kwa mengi, lakini lawama inayorudiwa zaidi ni kwamba wanakwenda kuyasema hayo Ulaya na Marekani, katika vyuo vikuu, kumbi za maonesho na ofisi za wabunge, na kwa hivyo wanawapa silaha maadui wa nchi yao. Darasa langu limegawika. Wapo wanaosema kwamba lawama hiyo ni njia ya kuukwepa ushahidi wenyewe. Wapo wengine, na sikutarajia kwamba wangekuwa wengi, wanaosema kwamba anayetoa siri ya nyumba yake nje amekosa hata kama kila neno alilolisema ni kweli, kwani sitara ni sehemu ya malezi yetu na aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Sikuweza kuwajibu hawa kwa namna iliyoniridhisha mwenyewe. Naomba mnisaidie kupima ni kipi katika lawama hizi chenye uzito na kipi hakina.

Mkaazi wa Mkunazini

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Waambie wanafunzi waanze na tarehe kabla ya hoja, kwa sababu lawama ya mahali imejengwa juu ya dhana kwamba vijana hawa walipanda ndege kwanza, na wala haikuwa hivyo. Maonesho yao ya mwanzo ya picha na ushahidi kutoka Hebron yalifanyika Tel Aviv, Juni 2004, mbele ya wazazi wa askari wenyewe. Polisi wa jeshi waliingia katika ukumbi ule na kuchukua mkanda wa video, na baadhi ya waandaaji wakaitwa kuhojiwa. Tena, mambo ya kijeshi wanayoyachapisha hupitishwa kwanza kwa msimamizi wa habari wa jeshi, ambaye ana mamlaka ya kuzuia chochote kinachohatarisha usalama.

Milango ya ndani ilifungwa baadaye, mmoja baada ya mwengine. Mwezi wa Disemba 2015 Waziri wa Ulinzi, Moshe Ya'alon, aliwazuia kushiriki katika shughuli za jeshi, na Waziri wa Elimu, Naftali Bennett, akawapiga marufuku maskulini. Julai 2018 Bunge lao likapitisha sheria inayompa waziri wa elimu uwezo wa kuzuia vikundi vya aina hiyo visikutane na wanafunzi, na watu wakaiita sheria hiyo kwa jina la kikundi chenyewe. Sasa mtu aliyefungiwa barzani kwao akihutubia uwanjani kwa jirani, aliyemfungia hana haki ya kumuuliza mbona hakuzungumza nyumbani.

Huko nje nako walifuatwa. Walipoonesha picha zao Zurich, Juni 2015, Naibu Waziri wa Mambo ya Nje, Tzipi Hotovely, aliilalamikia Uswisi kwa sababu wizara yake ya mambo ya nje ilichangia gharama. Aprili 2017 Waziri Mkuu Benjamin Netanyahu alifuta mkutano na Sigmar Gabriel, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, kwa kuwa mgeni huyo alikataa kuacha kuonana na Kuvunja Ukimya na B'Tselem, shirika la Kiisraeli la haki za binadamu. Nimezifuatilia habari hizi kwa miaka mingi, na kinachonisikitisha ni kwamba nguvu zote hizo zilitumika katika swali la nani amekutana na nani, huku askari aliyesimulia namna walivyovamia nyumba ya watu usiku wa manane akiachwa pembeni kana kwamba hakusema kitu.

Wakili wa Chake

Nakubaliana na mwenzangu juu ya tarehe, lakini Mwalimu ameomba mizani, na mizani ina sahani mbili. Zipo lawama ambazo mtu mwadilifu hawezi kuzipuuza.

Ya kwanza ni majina. Zaidi ya askari 1,000 wametoa ushahidi, na wengi wao hawatajwi. Kikundi kinasema kinawajua wote na kinauhakiki usimulizi wao kabla ya kuutoa, nami naamini kwamba kinafanya hivyo kwa bidii. Hata hivyo, msikilizaji aliyekaa Zurich au Boston hana njia yoyote ya kuhakiki, na mwendesha mashtaka naye hawezi kufungua kesi bila ya mtu, siku na mahali. Ya pili ni muktadha. Mei 2015 walitoa kitabu cha ushahidi wa askari zaidi ya 60 waliopigana Gaza mwaka 2014. Askari waliowapinga walisema kwamba msomaji wa nje anaonyeshwa mzinga unaopiga nyumba lakini hapewi picha kamili ya maroketi na mahandaki ya Hamas ambayo askari wale walitumwa kuyakabili. Pingamizi hilo halibatilishi ushahidi, lakini linamkumbusha msomaji kwamba aliyepewa kipande asidhani amepewa kanzu. Ya tatu ni fedha: sehemu kubwa ya bajeti yao hutoka kwa serikali na mashirika ya Ulaya, na kituo cha NGO Monitor cha Jerusalem kilidai kwamba baadhi ya wafadhili waliweka sharti la idadi ya ushahidi utakaokusanywa. Likiwa kweli, sharti hilo ni baya, kwa sababu shahidi hahesabiwi kama magunia ya karafuu.

Hata hivyo, nitaje jambo moja linalonizuia kuing'ang'ania lawama ya majina. Mwaka 2017 msemaji wa kikundi alisimama kwa jina lake na uso wake akaeleza kwamba alipokuwa afisa huko Hebron alimpiga Mpalestina aliyekuwa amekamatwa. Waendesha mashtaka walichunguza wakatangaza kwamba tukio hilo halikutokea. Kikundi kikajibu kwamba Mpalestina aliyehojiwa hakuwa yule aliyepigwa, na kikaonesha picha za video za mtu mwengine. Mtu akikiri kosa lake hadharani na dola ikamwambia kwamba hakulitenda, basi hata jina halikuwa dawa kamili.

Binti Micheweni

Mwalimu wangu, salaam nyingi. Nimesoma majibu ya waliotangulia kwa utulivu, na naomba nilete la nyumbani, kwa sababu hao wanafunzi wanaosema habari za sitara si wajinga hata kidogo. Wamerithi maneno ambayo sisi tuliokuwapo Januari 2001 tuliyasikia kwa masikio yetu.

Baada ya risasi za tarehe 27 ya mwezi ule, polisi walipowafyatulia waandamanaji wa upinzani huku Pemba, ami yangu alivuka kwa mashua hadi Shimoni, Kenya, pamoja na wenzake. Waliokimbilia huko walikuwa zaidi ya 2,000. Wakaja wachunguzi wa kigeni na waandishi wa habari, naye akawaeleza aliyoyaona, kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe. Aliporudi baada ya Muafaka wa Oktoba baina ya CCM na CUF, mzee mmoja wa mtaani kwetu alimwambia mbele ya watu baada ya sala ya Alasiri kwamba ameivua nguo Pemba mbele ya wageni. Ami hakumjibu kwa ukali. Alisema tu kwamba wahenga walinena mgeni njoo mwenyeji apone, na kwamba yeye alipokuwa na jeraha alikuwa hana mwenyeji wa kumwambia. Mwaka uliofuata Tume ya Rais chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilifanya kazi yake, na serikali yenyewe ikakubali kwamba watu wasiopungua 30 walikufa. Sitara iliyokuwa ikidaiwa kwa ami haikuwa ya maiti. Ilikuwa ya aliyeshika bunduki.

Lakini sitaki kuuweka ushahidi wa ami na wa askari wa Hebron katika kapu moja, na hapa ndipo lawama yangu mimi inapoanzia. Ami alikuwa mlalamikaji. Askari yule ni mkiri. Ami alificha jina kwa kumwogopa aliyemdhulumu. Askari anapolificha lake, aliyedhulumiwa ndiye anayebaki hajui ni nani aliyevunja mlango wake. Deni la jina hilo halidaiwi na Waziri Mkuu wa Israeli wala na hadhira ya Zurich, bali na yule mama wa Al-Khalil aliyesimamishwa ukutani na watoto wake. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamuru tusimamie ushahidi hata dhidi ya nafsi zetu, na mimi naisoma kwamba mtu ajitokeze yeye mwenyewe.

Na liko zito zaidi. Mtaa wa Shuhada pale Hebron ulianza kufungwa kwa magari ya Wapalestina baada ya Februari 1994, mwezi wa Ramadhani, ambapo mlowezi Baruch Goldstein aliwaua waumini 29 ndani ya Msikiti wa Ibrahim. Wakauliwa wao, na njia ikafungwa kwao. Baadaye hata wapita kwa miguu wakazuiwa na mamia ya maduka yakafungwa. Wenye maduka hayo wamelieleza hilo kwa kila aliyewauliza, kwa majina yao kamili. Iweje basi dunia ingoje kijana wa miaka 22 aliyevua sare aje aseme yaleyale ndipo yaaminike? Sikilaumu kikundi kwa kwenda Ulaya. Naulaumu umati wa Ulaya unaomwona askari ni shahidi na mwenye duka ni mlalamishi, na nakilaumu kikundi pale kinapojenga kampeni yake juu ya udhaifu huo bila kuutaja.

Njia ya kumpa aliyedhulumiwa mwenyewe nafasi ya kushuhudia ipo. B'Tselem, kwa mfano, walianza mwaka 2007 kuwagaia Wapalestina kamera. Machi 2016 mkaazi wa Hebron aliyejitolea nao alimrekodi askari Elor Azaria akimpiga risasi ya kichwa Mpalestina aliyekuwa amelala chini, ameshajeruhiwa. Azaria alihukumiwa na akatoka baada ya miezi tisa tu, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba halikutokea.

Mkaazi wa Mkunazini

Bi Micheweni amenifunza. Naongeza moja tu juu ya siri ya nyumba: mwenye nyumba ni nani? Hebron imo katika ardhi iliyokaliwa kijeshi tangu 1967, na tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuendelea kukaliwa kwa ardhi hiyo ni kinyume cha sheria na kwamba mataifa mengine yana wajibu wa kutokusaidia hali hiyo idumu. Jambo lenye wajibu wa mataifa yote haliwezi kuitwa la jikoni kwa mtu. Aidha, wapinzani wa Kuvunja Ukimya, wakiwamo askari wa akiba wa kikundi cha Reservists on Duty, nao huzunguka vyuo vya Marekani, wala hakuna waziri aliyewaambia wabaki nyumbani.

Mwalimu wa Wete

Nawashukuru sana, na kwako Bi Micheweni nasema Mungu amrehemu ami yako ikiwa ametangulia, na amzidishie umri ikiwa yuko hai. Nimewasomea wanafunzi majibu haya leo asubuhi. Wale wa sitara walinyamaza kwa muda, kisha mmoja wao akauliza kama mama wa Al-Khalil naye hana haki ya sitara, asingependa pengine habari za usiku ule zitundikwe ukutani Zurich bila kuulizwa. Sikulifikiria hilo, na sijaona mahali popote katika mjadala huu tulipolifikiria.

Tumeibadilisha hoja ya mdahalo. Sasa inasema kwamba askari anayetoa ushahidi anawajibika kwanza kwa aliyemtendea kabla ya taifa lake na kabla ya hadhira ya nje. Tutaijadili Alhamisi baada ya sala ya Adhuhuri. Wakili, ikiwa utakuwa Wete siku hiyo, wanafunzi wameomba uje ukae upande wa wapinzani.