Mjadala: Nimeacha ajira ya kudumu, mkataba wa kwanza wa kompyuta unatoka wapi hapa kwetu?

Kijana wa Kikwajuni
Assalaam alaykum jamani. Nimefanya kazi ya kompyuta miaka tisa kwenye taasisi moja hapa mjini Unguja. Mshahara mwisho wa mwezi, mchango wa ZSSF wa hifadhi ya jamii unakatwa, sina la kulalamikia. Mwishoni mwa Januari nikaandika barua ya kuacha. Sikufukuzwa wala sikugombana na mtu. Nilichoka. Shida zote za kila siku natengeneza mie, ikija kazi kubwa inapewa kampuni ya nje, na mie naambiwa niwafungulie mlango niwaoneshe soketi ziko wapi. Nikasema basi na mie nitakuwa hao wa nje. Sasa tuko Machi, sijasaini hata karatasi moja. Kila ninapobisha hodi naulizwa, "Umeshamfanyia nani?" Nikisema miaka tisa, wananambia ile ilikuwa ajira, si mkataba. Nataka tujadili kweli: kwa nchi yetu hii mtu aache kwanza ndipo atafute, au asiondoke mpaka mkataba uwe mkononi? Na huo wa kwanza hutoka wapi?

Bi Ankara
Mwanangu, kuondoka ushaondoka, hilo tuliweke. Nikujibu la pili. Huu mwezi ndio wako. Hoteli nyingi za pwani hufunga au hupunguza wageni masika, Aprili na Mei, na ndipo wanapovuta waya upya na kubadilisha ruta. Ukimwendea meneja Julai, kusi inavuma na vyumba vimejaa, hata kiti hakupi.

Mie wa kwanza niliupata Kiwengwa, nilimsindikiza mdogo wangu kwenye usaili. Nimekaa mapokezi, namuona mgeni anarudishwa mara ya tatu, mashine ya kadi haishiki mtandao. Nikaomba nioneshwe kisanduku chao cha mtandao. Kiko chini ya ngazi nyuma ya jiko, mlango umeegemezwa kreti la soda. Nikachomoa waya mmoja: vile vijino vyake vimeota kutu ya kijani kwa chumvi, na ndani ya tundu sisimizi wametaga mayai. Nikapiga picha. Jioni nikampelekea meneja picha tano na karatasi moja tu: tatizo hili, kazi hii, siku nne, bei hii. Kasaini wiki ile ile. Hakuniuliza nimemfanyia nani.

Yakhe wa Wete
Bi Ankara kasema kweli kwenye picha, lakini mbona mnalirukia swali la kwanza? Asingeacha. Mimi nilikuwa Unguja wakati ule umeme ulipokatika kisiwa kizima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Kila duka lilinunua jenereta, na zile jenereta zikiunguza kompyuta kama mchezo. Nikitoka kazini saa tisa na nusu nazunguka Darajani na Mlandege natengeneza, naweka vidhibiti vya umeme, nawahifadhia data zao. Umeme uliporudi, watatu kati yao wakataka niwaangalie kila mwezi kwa malipo maalumu. Nilipoandika barua ya kuacha nilikuwa na mikataba mitatu. Huyu kaacha na mikono mitupu.

Mtoto wa Fumba
Kwa hiyo ulikuwa unakula mshahara wa ofisi huku unafanya kazi zako? Na bisibisi za ofisi bila shaka.

Yakhe wa Wete
Bisibisi nilinunua mwenyewe, na risiti ninayo. Nimesema saa tisa na nusu, baada ya kazi. Soma kwanza. Wewe ulipoanza ulikuwa unakula kwa nani?

Mtoto wa Fumba
Nilikuwa nakula kwetu, na sioni aibu. Ninachosema, barua nyingi za ajira zina kifungu kinachokataza kazi ya pembeni bila ruhusa. Na nyengine zinakataza usiwachukue wateja wa pale baada ya kuondoka. Kijana, isome upya barua yako kabla hujafuata ushauri wa mtu wa jenereta. Na ukishapata, ujue kodi ya zuio inakatwa asilimia 15 kabla pesa haijafika kwako.

Bi Ankara
15 ni ya asiye mkaazi. Mkaazi anakatwa 5 kwenye malipo ya huduma. Na udai hati ya zuio, kwa sababu inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Jina la biashara anasajili BPRA. Kodi ya mapato ni ya Muungano, hiyo ni TRA. ZRA ni wale wa VAT. Msimtie mtoto wa watu hofu bure.

Mtoto wa Fumba
Sawa, 5. Hoja yangu ilikuwa kifungu.

Sogea Tukae
Mnamzungusha. Silicon Zanzibar, ule mpango wa serikali wa kuvuta kampuni za teknolojia, ilizinduliwa 2022, kila mtu akadhani Fumba ataokota mikataba chini. Haiokotwi. Hapa kwetu kazi ya kwanza hupewa, na hupewa na jamaa. Ana ami, ana mjomba, mmoja hakosi nyumba ya wageni au duka. Amfanyie bure, jina litoke, wengine watakuja. Tukubali tu, hapa muhali, ile haya ya kumkatalia mtu wako, ndio mtaji.

Binti Machomane
Muhali ndio mtaji? Wa nani? Maana mimi huo muhali umenila.

Mjomba wangu ana skuli binafsi, na mahali sipataji. Alitaka programu ya karo na matokeo ya wanafunzi. Nilikuwa nimeacha kazi mwezi mmoja nyuma, nikasema huyu ndiye wa kwanza. Miezi mitatu nimekesha. Karo za nyuma zilikuwa kwenye madaftari, nikaziingiza jina kwa jina, na majina yenyewe mtoto mmoja kaandikwa kwa namna tatu. Siku ya kumaliza akaniita nyumbani kwake. Nikavaa, nikapiga na manukato. Akanipa tungo la changu, samaki sita, akanambia, "Mashallah mwanangu, Mungu akuzidishie." Nikala wale samaki na machozi, wallahi. Mwaka uliofuata akaita kampuni, wakaiweka ya kwao, na hao aliwapa malipo ya awali kabla hawajafungua kompyuta. Nilijua vipi? Alinipigia simu niwaoneshe data ziko wapi.

Kijana wa Kikwajuni
Hapo pa kuonesha ziko wapi panantonesha.

Sogea Tukae
Pole, lakini hukuandika mkataba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo kosa lako, usiutwike muhali.

Binti Machomane
Wewe ungemwandikia mjomba aliyekulipia ada tangu darasa la kwanza? Ungeingia na karatasi yako, umkalishe, umwambie "saini hapa"? Sema ndiyo, halafu tumuulize mama yako.

Sogea Tukae
Ningemwandikia.

Binti Machomane
Huna mjomba wewe.

Mzee Karafuu
Taratibu wanangu. Mnautukana muhali kama kwamba ni ugonjwa. Mimi nimelelewa na muhali. Baba alipofariki hakuna aliyeniuliza nitalipa nini. Watu waliona muhali kuniacha. Huyo mjomba na yeye alipolipa ada alikuwa na shida zake, akaona muhali kukataa. Ukiuondoa, usidhani utabaki na mikataba. Utabaki na milango iliyofungwa. Binti, ulipaswa kupata haki yako, na mjomba wako kakosea. Ila kosa ni lake. Muhali hauna kosa.

Binti Machomane
Shikamoo mzee. Nakuheshimu, ila hapo sikubali. Mjomba hakukosea kwa mujibu wa ukoo. Mpaka leo ukoo mzima unasema mimi ndiye nina kinyongo. Mama aliniambia "samaki sita kwa bei ya leo si kidogo".

Yakhe wa Wete
Nyinyi watu wa Chake mnalialia sana. Wete mtu anasema bei yake mlangoni, akitaka akae, asipotaka arudi.

Binti Machomane
Wete hiyohiyo ambayo mpaka leo mtu wake mmoja ana kompyuta yangu mpakato tangu Shaabani? Tusifike huko.

Yakhe wa Wete
Nani huyo? Mtaje.

Bi Ankara
Asitajwe mtu! Kijana kaja na swali la riziki yake, nyinyi mmeshafika kwenye kompyuta za Shaabani. Muhali una dawa yake, nayo ni kutompa mtu nafasi ya kukataa wala kukubali kwa mdomo. Mie jamaa akinipigia, simwambii bei kwenye simu. Namwambia "nakuandikia." Jioni anapata karatasi: kazi hizi tatu, nusu kabla, nusu siku ya kukabidhi, na chini kabisa mstari mmoja, "punguzo la jamaa" na kiasi chake. Ule mstari ndio unaomaliza kazi. Anaona nimemjua kama ami, na anaona bei kamili ilikuwa ngapi. Bure siandiki. Ukimfanyia mtu bure, mwenzake hatakuuliza ulifanya nini. Atakuuliza na yeye utamfanyia lini.

Sogea Tukae
Sasa hilo punguzo si muhali huohuo umeuvisha kanzu?

Bi Ankara
Ndiyo. Na kanzu imeupendeza.

Mtoto wa Fumba
Kuna njia nyengine hakuna aliyeigusa. Ashike kipande cha tenda ya mwenzake. Mimi wa kwanza niliupata hivyo, kampuni ilishinda kazi kubwa ikakosa mtu wa kukaa na watumiaji na kuwafundisha. Wiki sita. Jina langu halikuwa juu ya mkataba, ila barua ya kumaliza kazi niliidai, na ile barua ndiyo iliyojibu "umemfanyia nani" mwaka mzima. Hao wa nje waliokuwa wakija taasisini kwako, Kijana, simu zao si unazo? Wao wanakujua kuliko hoteli yoyote. Waliziona soketi kwa macho yako.

Kijana wa Kikwajuni
Hilo sikulifikiri. Ninazo namba mbili. Nitaisoma na barua yangu ya ajira usiku huu, nijue kama kuwapigia kunakatazwa.

Lakini nimerudi kwa jambo jengine. Wakati mnagombana hapa, ami yangu kapiga. Ana nyumba ya wageni Jambiani, vyumba kumi na viwili, anataka mtandao ufike kila chumba na mfumo wa kupokea wageni, na anataka kabla ya Juni. Kasema, "Njoo tu mwanangu, hatushindwani." Nikamwambia nakuandikia. Nimeandika. Siku tisa za kazi, vifaa ananunua yeye, nusu kabla, na nimeweka ule mstari wa punguzo la jamaa, laki mbili na nusu. Sijapeleka. Kidole kinatetemeka.

Binti Machomane
Peleka.

Mzee Karafuu
Anza na salamu, umuulize hali ya mguu au chochote kinachomsumbua. Kisha peleka.

Sogea Tukae
Laki mbili na nusu nyingi. Weka laki moja.

Binti Machomane
Kumbe na wewe unapunguza? Si ulisema bure?

Kijana wa Kikwajuni
Nimepeleka. Nimemuuliza na sukari yake.

Bi Ankara
Kajibu?

Kijana wa Kikwajuni
Kajibu sasa hivi. Kaandika: "Baba yako yupo nyumbani leo magharibi?"

Bi Ankara
Na wewe uwepo. Ichapishe ile karatasi, nakala mbili.