Mrejesho: picha za madele ya shaba zimekubali

Shikamooni wakubwa, na wengine salamu. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini kila nikipiga picha madele ninayouza, yaani mabirika ya kahawa ya shaba, naonekana mimi na simu yangu tumboni mwa dele, na flashi inaacha doa jeupe linaloumiza macho.

Aliyeniambia "usimulike dele, mulika kinachoonekana ndani yake" amenifungua macho kweli. Nilizima flashi na taa ya dari, nikasogeza meza dirishani, nikatundika shuka jeupe jepesi kati ya dirisha na dele. Upande wa pili nikasimamisha kadibodi nyeupe. Lile doa likageuka mng'ao mpana, laini, unaoshuka kutoka shingoni hadi kitakoni.

Ila dele likapauka, mdomo wake ukapotelea kwenye weupe wa nyuma. Hapo nikasimamisha pembeni, nje ya picha, kipande cha karatasi nyeusi chenye upana wa vidole viwili. Mstari mweusi ukajichora ukingoni, mkunjo wote wa mdomo ukaonekana. Nilifurahi mno, maana fundi huuhangaikia sana mkunjo ule.

Kichujio cha polaraiza nilichoazima (kile kioo cha kuweka mbele ya lenzi ili kupunguza mng'ao) hakikusaidia kwenye shaba. Kilipunguza mng'ao wa vanishi ya meza tu.

Mimi mwenyewe nimetoweka: nilirudi nyuma, nikavuta kwa zumu, nikapiga kupitia kitundu kwenye kadibodi nyeupe. Kitundu kinabaki kama nukta nyeusi, nacho nakifuta baadaye kwenye simu. Asanteni sana.