Nimeandika 1:25,000 kwenye QGIS, rula inanikatalia

MpakaWaMto:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kilosa, nachora ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kwa QGIS, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani. Karatasi ni A3 ya kulala, skeli nimeweka 1:25,000, yaani sentimita 1 ya karatasi ni mita 250 ardhini. Nikachapisha stesheneri, nikaipeleka kwenye kamati.

Mjumbe mmoja, mama ambaye shamba lake limepakana na eneo la malisho, akachukua rula ya mwanawe akapima kutoka kisimani hadi kona ya shule. Pale tulipita wote na GPS, ni mita 1,500, kwa hiyo nilitegemea sentimita 6. Ikatoka 5.6. Akaniuliza, "Mwanangu, hizo mita mia ziko upande wa nani?" Sikuwa na jibu, na usiku ule sikulala vizuri.

Pia chini ya skrini skeli inasomeka 1:31,000 hivi. Ipi ndiyo yenyewe? Na kamati inataka niikuze hadi 1:5,000 ili mpaka uonekane wazi.

KaratasiKwanza:
Pole, mkuu. Usiguse QGIS kwanza. Chukua karatasi ileile upime skeli mstari, ule mstari wa kipimo uliochorwa kwenye ramani: kilomita 1 inatakiwa iwe sentimita 4 kamili. Ukikuta 3.7 na kitu, basi printa ndiyo imeibana ramani ili itoshe ndani ya kingo za karatasi. Stesheneri wengi huliacha chaguo hilo limewashwa. Waambie wachape asilimia 100, na wewe acha milimita 10 tupu kila upande.

Namba 1:25,000 ikishaandikwa haibadiliki hata karatasi ikibanwa. Mstari hubanwa pamoja na ramani, kwa hiyo wenyewe bado unasema kweli. Usitoe ramani bila mstari.

Ile ya chini ya skrini ni ya kutazamia tu, inabadilika kila unapokuza au kupunguza picha. Ya karatasi inawekwa kwenye ukurasa wa kuchapa: bofya ramani, nenda kwenye sifa zake, andika 25000 kwenye kisanduku cha skeli.

Kanda37:
Hakikisha pia mfumo wa majira wa mradi hauko kwenye nyuzi (digrii), yaani ule wenye namba EPSG:4326. Kilosa iko kanda ya 37 kusini ya UTM, mfumo unaopima kwa mita, weka EPSG:32737. Ile ya ramani za intaneti, EPSG:3857, huvuta umbali kadiri unavyoiacha ikweta, ila kwa Kilosa haifiki hata asilimia 1. Wewe umepoteza karibu 7, kwa hiyo nami namshuku printa.

Kuhusu 1:5,000, nakusihi usikubali. GPS ya mkononi inakosea mita 5 hivi hata siku ya anga safi. Kwenye 1:25,000 hiyo ni milimita 0.2, inafichwa na unene wa mstari. Kwenye 1:5,000 ni milimita nzima. Na kama kuna kipande cha mpaka ulichokinakili kutoka ramani ya zamani ya 1:50,000, nusu milimita pale ni mita 25 ardhini. Ukikikuza hadi 1:5,000 kosa linakuwa milimita 5, na mtu atapanda mahindi humo akiamini karatasi inamruhusu. Kona yenye ubishi ipimwe upya kwa kifaa bora, halafu ichorwe peke yake kwa skeli kubwa pembeni ya ramani.

MpakaWaMto:
Asanteni sana, wakuu. Skeli mstari imesoma 3.7. Nimechapisha upya kwa asilimia 100: kisima hadi shule, sentimita 6.

Ila Kanda37 umenishtua. Kipande cha kaskazini, kando ya mto, nilikinakili kweli kutoka 1:50,000, na ndicho kinachopakana na malisho. Nimeshaongea na mwenyekiti, tunakipima upya Jumamosi. Yule mama amesema anakuja na rula yake.