Nyumbu, ngano na sange wa Boni: spishi mpya huanzaje?

Bint Langoni (Lamu)
Assalaam aleikum wanajukwaa. Kidato cha nne wamenibana na maswali mawili. La kwanza: punda dume akimpanda farasi jike, huzaliwa nyumbu. Si punda, si farasi. Mbona basi hahesabiwi spishi mpya? La pili: kama kila spishi imetokana na nyingine, ile ya mwanzo kabisa ilitokana na nini? Na kama lipo jaribio la kuwaonyesha bila maabara, nitashukuru zaidi.

Fundi wa Jeni (Malindi)
Waaleikum salaam, mwalimu. Spishi haipimwi kwa sura peke yake. Wanyama wanaozaliana huulizwa hivi: je, kundi hili linaendelea kuzaana lenyewe kwa lenyewe, jeni zake zisichanganyike ovyo na za jirani? Nyumbu anaanguka hapo hapo.

Kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Farasi anazo 64, punda 62. Nyumbu hupata 32 kwa mama na 31 kwa baba, jumla 63. Mwili wake hukua vizuri, tena una nguvu, kwa sababu seli za kawaida zikigawanyika kila kromosomu hujinakili peke yake wala haihitaji mwenza. Kazi ipo kwenye kutengeneza manii na mayai. Hapo kila kromosomu ya mama lazima ilale sambamba na mwenzake ya baba kabla ya kugawanywa. Za nyumbu hazipatani, na seli nyingi hufa kabla ya kukomaa. Nyumbu jike waliozaa wapo kwenye kumbukumbu, ila ni wachache mno.

Mimea ina njia ya kutokea. Ngano ya mkate, hii hii ya mahamri, ilianza kwa ngano ya kale yenye kromosomu 28 kuchanganyika na nyasi ya mwituni yenye 14. Mchanganyiko wa namna hiyo hupata 14 na 7, yaani 21, na huwa mgumba kama nyumbu. Lakini seti nzima ikajirudufu, zikawa 42. Sasa kila kromosomu ina nakala yake halisi ya kulala nayo, mbegu zikakubali. Spishi mpya kwa vizazi vichache tu, hakuna cha kungoja mamilioni ya miaka.

Mkaa Gede
Niongeze hapo, maana wanafunzi huishia kukariri kwamba namba witiri ndiyo inayoleta ugumba. Sivyo. Farasi wa Przewalski, yule wa Mongolia, ana 66. Akizaa na farasi wa kawaida mtoto huwa na 65, na mtoto huyo anazaa. Kromosomu mbili za Przewalski zinalingana na moja ndefu ya farasi wa kawaida, kwa hiyo tatu hizo hulala pamoja bila vurugu. Za punda zimepangika upya mahali pengi, ndipo mambo yanapoharibika.

Kwa wanyama njia kubwa ni kutenganishwa, na mfano tunao mlangoni. Sange ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Yule wa msitu wa Arabuko-Sokoke, mwenye uzito wa nusu kilo hivi, ana manjano ya dhahabu sehemu ya nyuma. Mwaka 2008 kamera zilizotegwa msitu wa Boni na Dodori zilipiga picha za sange mwenye nyuma nyeusi. Wengi walidhani ni spishi mpya. DNA ikaonyesha ni jamaa wa karibu sana wa yule wa Sokoke, akawekwa kama nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi ile ile. Kati yao kuna mto Sabaki, kuna mto Tana, na nchi kavu isiyo na msitu wa kuwafaa. Kwa maoni yangu mfano huu unafundisha kuliko spishi iliyokamilika, kwa sababu wanafunzi wanaikuta kazi ikiwa njiani.

Kemia ya Pwani
Swali la pili lisichanganywe na la kwanza. Uteuzi wa asili, yaani wenye sifa zinazofaa kuzaa zaidi ya wengine, hauanzi mpaka kiwepo kitu kinachojinakili na kukosea kidogo. Kabla ya hapo ni kemia.

Dunia ina miaka bilioni 4.5 hivi, na alama za vijidudu zinafika karibu bilioni 3.5. Mwanakemia Stanley Miller, katika jaribio alilochapisha 1953, alichemsha maji ndani ya chupa yenye methani, amonia na haidrojeni, akapitisha cheche za umeme kwa siku kadhaa, akapata asidi amino, matofali ya kujengea protini. Wengi husimulia hadi hapo. Kasoro yake: hewa ya kale huenda ilikuwa zaidi kabonidayoksaidi na naitrojeni, na hewa hiyo hutoa mazao haba. Isitoshe, asidi amino zikiungana hutoa maji, kwa hiyo ndani ya bahari muungano huelekea kuvunjika. Ndiyo maana wanasayansi wengine hupendelea wazo la madimbwi yanayokauka na kujaa tena.

Kizingiti kingine hakitajwi sana. RNA, molekuli jamaa ya DNA, inaweza kubeba habari za urithi na pia kuendesha kemia. Wanasayansi Cech na Altman walipata Nobel ya 1989 kwa kuligundua hilo. Kuinakili bila vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kemia, kunahitaji madini ya magnesi. Utando wa seli za mwanzo unadhaniwa ulikuwa wa asidi za mafuta, na magnesi huzigandisha. Ni kemia ile ile inayoinyima sabuni ya mche povu kwenye kisima cha maji magumu. Mwaka 2013 watafiti Adamala na Szostak walipita hapo kwa kutia sitrati, jamaa ya asidi ya ndimu: inaishika magnesi, utando unasalimika, kunakili kunaendelea. Sitrati ya kutosha ingetoka wapi wakati ule, hilo bado ni swali.

Bint Langoni (Lamu)
Shukran sana nyote. Na jaribio la darasani?

Mkaa Gede
Vikopo viwili ndiyo makundi mawili yaliyotengana, na rangi ndiyo aina mbili za jeni: kila kimoja kunde 5 nyekundu na 5 nyeupe. Mwanafunzi atoe moja bila kutazama, aandike rangi, airudishe, atikise, mpaka zitimie mara 10. Zikitoka nyekundu 7 na nyeupe 3, kopo lijazwe hivyo. Hicho ndicho kizazi kipya. Kwa wastani baada ya vizazi kama 14 kopo hubaki na rangi moja, na vikopo viwili vinaweza kuishia rangi tofauti kwa bahati tu. Kisha anza upya, lakini kila kizazi vikopo vibadilishane kunde moja. Utaona rangi iliyopotea inarudishwa na mgeni. Waambie hapo wameona jeni zikitengana tu. Kushindwa kuzaana huja baadaye.

Wasiporudisha kunde, matokeo yatakuwa 5 kwa 5 daima. Na usitumie kunde na pojo: pojo ni ndogo, vidole vinaitambua, na hapo utakuwa umeonyesha uteuzi badala ya bahati.